Wikendi ya Mgeni: historia ya mapumziko kati ya Bukavu na Ulaya



Kwenye mkutano mkuu uliopita, neno moja lilitugawanya kuliko hesabu zote za mfuko: matembezi. Komite ilipendekeza sehemu ndogo ya mchango wa kila mwezi iwekwe pembeni, ili mara moja kwa mwaka wanamemba na watoto wao wapate siku ya kupumzika kando ya ziwa. Wengine walisema ni vizuri. Wengine walisema: «Tuko na batu banakosa dawa, na siye tunaenda kucheza?» Wafadhili nao waliuliza, kwa heshima, kama siku ya kupumzika inaweza kuandikwa kwenye ripoti kama msaada.

Kabla ya kujibu, tumeona heri turudi nyuma kidogo. Wengi wetu tumeishi ugenini, Ubelgiji, Uswisi, Ufaransa, na kule tuliona watu wakifunga ski juu ya gari kila Ijumaa jioni, tuliona miji mizima ikisimamisha kazi kwa ajili ya sherehe. Na mbele yetu, wageni waliishi hapa Bukavu wakifanya vilevile juu ya ziwa letu. Njo maana tunauliza: katika historia hii yote, nani alipumzika, nani alimbebea mizigo, na nani alilipa?

Mji wa hewa nzuri

Wazee wetu walikuwa na mapumziko yao hata kabla saa ya ukutani haijafika. Kulikuwa siku za soko, ndoa, mavuno, na jioni za kasiksi, ile pombe ya ndizi ambayo haijapoteza heshima yake mpaka leo. Lakini wikendi iliyokatwa kwa saa, Jumamosi mchana mpaka Jumapili usiku, hiyo ilikuja na Wabelgiji.

Kituo chao kilianza hapa mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1927 wakakiita Costermansville, kwa jina la Paul Costermans, mmoja wa wakubwa wa utawala wao. Jina la Bukavu likarudi rasmi miaka ya 1950. Mwaka 1928 likaundwa Comité National du Kivu, CNKi, ambalo lilipewa uwezo wa kugawa ardhi kwa walowezi. Wakaja wenye mashamba ya kahawa, chai na kwinini. Kilichowavuta siyo udongo peke yake. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku kuna baridi kidogo, na ziwa liko mlangoni. Watu wa utalii wakaanza kuisifu Kivu kuwa ni Uswisi ya Afrika. Mwaka 1949 ofisi ya utalii ya koloni ilitoa kitabu kizima cha kumwongoza msafiri katika Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi.

Basi wikendi ya mzungu wa Bukavu ilikuwa namna hii. Biro zikifungwa, watu wanashuka ziwani. Kuna wenye kuogelea, wenye mashua za matanga, na wenye mota ambao walivutwa kwa kamba wakiteleza juu ya maji, miguu juu ya mbao mbili. Ndiyo ski ya hapa kwetu, ski bila theluji. Wengine walikuwa kwenye tenisi, wengine kwenye baraza ya hoteli na glasi mkononi. Wenye konji ndefu walipanda gari kwenda kaskazini, Goma na Rutshuru, kuangalia volkeno na wanyama wa Parc Albert, hifadhi iliyoundwa mwaka 1925. Na wenye miguu mizuri zaidi walifika mpaka Rwenzori, upande wa Beni, ambao wakati ule ulikuwa ndani ya jimbo la Kivu. Kilele cha kule kinafika mita 5,109, na barafu iko juu yake, hata kama inapungua siku kwa siku. Mwaka 1932 msafara wa Wabelgiji ulioongozwa na Xavier de Grunne uliupanda mlima huo kutokea upande wa Kongo. Kwa hiyo mtu akisema theluji ni jambo la Ulaya tu, tumkumbushe kwamba Wanande wameiona kutoka mashambani mwao tangu zamani.

Hesabu ambayo haikuandikwa

Sasa tuangalie upande wa pili wa meza. Chakula cha pikiniki hakikujibeba. Kulikuwa na boyi, mpishi, mtunza bustani, mlinzi, mpiga kasia, mbeba mizigo wa mlimani. Kwa hao, wikendi ya bwana ilikuwa kazi zaidi: wageni zaidi, sahani zaidi, mashati meupe zaidi ya kupiga pasi kwa ajili ya Jumatatu.

Watu hao walilala Kadutu, na baadaye pia Bagira, ambako miaka ya 1950 Office des Cités Africaines ilijenga nyumba za wafanyakazi. Usiku ukiingia, Mwafrika hakuruhusiwa kutembea kwenye mitaa ya wazungu bila karatasi. Mwaka 1952 ilitoka amri ya immatriculation, ambayo ilimwahidi Mkongomani aliyesoma kwamba sheria itamtazama kama Mzungu. Wachache sana waliipata, na waliipata baada ya kuchunguzwa mpaka ndani ya nyumba, wanakulaje, wanalalaje, mke anapanga sahani namna gani.

Kila anayeijua Bukavu anajua mji wetu una rasi tano, kama vidole vya mkono uliochovywa ndani ya maji. Kwenye vidole walikaa wazungu. Kwenye kiwiko, juu ya kilima, walikaa waliowatumikia. Mtoto wa Kadutu aliliona ziwa kila asubuhi akifungua mlango. Lakini kulifikia na kuoga bila kufukuzwa, hiyo ilikuwa habari nyingine. Tuliweke akilini jambo hili, maana tutalirudia.

Aprili 1958: tulipogeuzwa kuwa pikiniki ya wengine

Kule Ulaya, Machi mpaka Mei ni majira ya kuchipua. Hapa kwetu miezi hiyo ni ya mvua, tope kwenye ngazi za Kadutu, na hofu ya udongo kuporomoka usiku. Kule ni kinyume. Milimani theluji ya mwisho bado iko, mijini jua linarudi, na watu wanatoka nje kama ng'ombe waliofunguliwa zizi.

Katika majira hayo, tarehe 17 Aprili 1958, mfalme Baudouin alifungua Maonyesho ya Dunia mjini Brussels, yale ambayo wengi wanayaita Expo 58. Mpaka yanafungwa Oktoba, watu zaidi ya milioni 41 walikuwa wamepita humo. Ilikuwa ndiyo matembezi makubwa ya mwaka kwa familia za Wabelgiji: treni, mkate na jibini kwenye mfuko, watoto wakishangaa Atomium.

Ndani ya sehemu ya Kongo kulijengwa kijiji. Wakongomani mafundi wa kuchonga na kusuka waliwekwa humo wafanye kazi zao mbele ya macho ya watu, nyuma ya uzio. Karibu Wakongomani 600, wanaume, wanawake na watoto, walikuwa wamepelekwa Ubelgiji kwa ajili ya Maonyesho hayo. Wageni wengine walisimama kwenye uzio na kuwarushia watu wa kijijini ndizi na sarafu, kama mtu anavyofanya kwa nyani. Mafundi walivumilia wiki hadi wiki, kisha mwezi Julai wakakataa. Wakaondoka, na kijiji kikabaki tupu mpaka mwisho.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1897, kwenye maonyesho ya Tervuren ya mfalme Leopold II, Wakongomani 267 walipelekwa kuonyeshwa. Saba kati yao walikufa kule kule, na makaburi yao yako pembeni ya kanisa la Tervuren. Wanamemba wetu waliokaa Brussels wanayajua. Kila mmoja akifika pale mara ya kwanza, ananyamaza.

Lakini Expo 58 ilizaa pia kitu ambacho waandaaji hawakukitegemea. Wakongomani waliosoma, kutoka Léopoldville, Katanga, Kasai na Kivu, walikutana Brussels, wengi kwa mara ya kwanza. Walikaa kwenye meza moja na Wabelgiji wa kawaida, wakahudumiwa na mzungu kwenye mkahawa, wakaona kwamba kule Ulaya mzungu naye anafagia barabara na anasubiri siku ya mshahara. Waliporudi nyumbani, hawakurudi watu wale wale. Mwaka huo huo wa 1958, hapa Bukavu, chama cha CEREA kilizaliwa, chama cha akina Anicet Kashamura. Mwanzoni mwa 1960 wajumbe wa Kongo walikuwa tena Brussels, kwenye Meza ya Mviringo, safari hii wakidai tarehe ya uhuru. Na Grand Kallé na African Jazz walikuwa kule kule, wakipiga «Indépendance Cha Cha» jioni, baada ya mikutano. Watu waliokuja kwa siasa walicheza pia. Hakuna aliyewaambia kwamba wanapoteza wakati.

Likelemba ya wazungu

Tulipofika Ulaya, wengi wetu tulidhani wikendi ya ski ni jambo la matajiri waliozaliwa hivyo. Historia yao wenyewe inasema kitu kingine.

Mfanyakazi wa Ubelgiji hakuwa na konji ya kulipwa kisheria mpaka mwaka 1936. Mwezi Juni wa mwaka ule waligoma watu kwa maelfu na maelfu, bandarini, migodini, viwandani, na mwezi Julai sheria ikawapa siku sita kwa mwaka. Siku sita tu! Lakini familia za wachimba makaa ziliiona bahari kwa mara ya kwanza, hali bahari yenyewe iko karibu kama Bukavu na Uvira.

Siku za konji zikiwapo, bado nauli inakosekana. Hapo njo tunafika kwenye jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Kule Uswisi, mwaka 1939, vyama vya wafanyakazi, waajiri na watu wa utalii walianzisha ushirika unaoitwa Reka. Jina lake kamili, ukilitafsiri kwa lugha yetu, ni mfuko wa safari. Mtu aliweka akiba kidogo kidogo, akanunua karatasi za Reka kwa bei iliyopunguzwa, na wakati wa konji ukifika akalipia nazo treni na nyumba ya kulala. Nasi tungeiita likelemba. Mpaka leo Reka iko, na inazisaidia familia zenye kipato kidogo kupata wiki ya mapumziko kwa bei ndogo sana.

Na wale watoto wa shule wa Uswisi ambao kila Februari wanapelekwa milimani? Desturi hiyo ilipata nguvu wakati wa Vita Kuu ya Pili. Makaa ya mawe yalikuwa machache, shule hazikuweza kupashwa moto, basi watoto wakapewa konji katikati ya baridi, na wengi wakapelekwa kwenye theluji. Mwaka 1941 shirikisho la ski la nchi hiyo lilianza kambi ya bure kwa watoto ambao wazazi wao hawakuwa na uwezo. Mwanzo wake ni uhaba.

Ubelgiji nako, baada ya vita, mityuele, yaani vyama vya kusaidiana vinavyolipia wanachama daktari na dawa, vilianza kupanga safari. Chama kile kile kilicholipa hospitali kilimpeleka fundi wa kiwanda na watoto wake Uswisi kuona milima. Hawakuona kwamba dawa na mapumziko vinapigana. Waliona kwamba mtu anayepumzika anaugua kidogo, na kwamba wanachama waliokula pamoja safarini hawasahau kulipa mchango wao.

Tunaomba wenye kusema «pesa ya kusaidiana haitembei» wakumbuke hili. Kule mityuele ilikozaliwa, ilitembea.

Koti la kuazima

Sisi wenyewe tulipumzika namna gani kule ugenini? Tuseme ukweli: miaka ya kwanza, wengi hatukupumzika. Jumamosi ilikuwa ya kusafisha ofisi za watu, Jumapili ya kanisa na ya kulala. Aliyekuwa kwenye kituo cha kusubiri karatasi, wikendi kwake ilikuwa adhabu, maana biro zimefungwa na hakuna barua itakayokuja. Waliokuwa Brussels walijitafutia njia ya Matonge, pale Ixelles, mtaa ulioanza kukua miaka ya 1960 karibu na nyumba ya wanafunzi Waafrika, ukapewa jina la mtaa wa Kinshasa. Pale ulikuta sombe, makayabo, kinyozi, na mtu wa kukusemesha Kiswahili. Hayo yalikuwa matembezi yetu.

Kisha siku moja mtu anakualika. Mara nyingi ni mwalimu wa mtoto, jirani mzee, au mtu wa parokia. Unapewa viatu vizito, koti la kuazima, unapelekwa kwenye mlima mweupe, unaanguka mara kumi, watoto wa miaka minne wanakupita wakicheka. Jioni mnakula jibini iliyoyeyuka kwenye sufuria moja, kila mtu na uma wake mrefu, na unagundua kwamba hawa watu nao wanajua kula kwenye sahani moja.

Sherehe za mjini zilitufundisha zaidi. Wanamemba waliokaa Zürich wanaijua Sechseläuten, Jumatatu moja ya Aprili, wakati wanapochoma mtu mkubwa wa bandia mweupe, mfano wa baridi, jina lake Böögg. Saa kumi na mbili jioni moto unawashwa, na kichwa chake kikilipuka haraka, watu wanasema kiangazi kitakuwa kizuri. Lakini jina la sherehe lina historia yake: ni mlio wa kengele ya saa kumi na mbili. Zamani, siku za baridi mafundi walifanya kazi mpaka giza liingie. Majira ya kuchipua yakifika, kengele ililia saa kumi na mbili, na kazi ikasimama hata kama jua bado liko. Yaani mji mzima unasherehekea saa ya kuacha kazi. Fundi wa Bukavu anayepiga nyundo mpaka usiku kwa mwanga wa simu angeielewa sherehe hiyo mara moja.

Na Binche, kule Ubelgiji, kuna kanivali ambayo mwaka 2003 UNESCO iliitangaza kuwa kazi bora ya urithi wa binadamu usioshikika. Siku ya Jumanne kabla ya Jumatano ya Majivu, wanaume wanaoitwa Gilles wanacheza ngoma barabarani na kengele kiunoni, kofia za manyoya ya mbuni kichwani, na wanarusha machungwa kwa watu. Chungwa unalorushiwa ni baraka. Kulirudisha ni matusi. Wanamemba waliosimama pale, weusi katikati ya umati, walidaka machungwa yao kama watu wengine wote na kuyapeleka nyumbani kwa watoto. Hakukuwa na uzio. Nchi ile ile iliyorusha ndizi mwaka 1958. Tunaliandika bila kusema kwamba yote yamepona, maana hayajapona yote. Tunasema tu kwamba mgeni anapopokelewa kwenye sherehe ya mji, anaanza kuwa mtu wa mji.

Basi tukapiga picha. Picha ya theluji, koti la kuazima, tabasamu. Tukaituma nyumbani. Na hapa Bukavu ile picha ikasomwa namna nyingine: «Ule njo tajiri sasa, anacheza ku teluji.» Maombi ya pesa yakaongezeka. Na siku tuliporudi, wengine kwa hiari, wengine kwa kusindikizwa mpaka ndani ya ndege, ile picha ilikuwa ingali ukutani. Jirani akaiangalia picha, akaangalia mfuko mmoja mkononi, akauliza: «Sasa, bile bintu biko wapi?»

Hapo njo ugonjwa wenyewe ulipo. Tunao wanamemba waliorudi na ambao kwa miezi hawajatoka nje ya parseli. Hawaendi ndoa, hawaendi matanga, hawataki kuonekana. Dawa yao haiuzwi kwenye farmasi.

Hapa nyumbani, baada ya wageni wale

Wabelgiji wengi walikimbia Bukavu Julai 1960, wakivuka Ruzizi. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliushika mji tangu Agosti mpaka mwanzo wa Novemba, na vita vya kuwaondoa viliacha nyumba nyingi za zile rasi bila paa. Zikajengwa tena. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikasema ardhi ya nchi ni mali ya Serikali. Mageti hayakuanguka kwa sababu hiyo. Yalibadilisha wenye funguo.

Mwaka 1970 ikaundwa hifadhi ya Kahuzi-Biega, kwa juhudi za Mbelgiji Adrien Deschryver, na mwaka 1980 UNESCO ikaiandika kwenye urithi wa dunia. Watalii wakaja kuona sokwe wakubwa, wakalala kwenye hoteli zetu, na mji ukapata pesa. Lakini ili mgeni apate matembezi hayo, Batwa walitolewa kwenye msitu wa mababu zao bila fidia. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba haki zao zilivunjwa. Tunalitaja kwa sababu Batwa nao ni watu wanaosubiri kurudi, na wamesubiri kuliko sisi wote.

Kisha mwaka 1994 wakimbizi walijaa kila uwanja, 1996 na 1998 vita vikafika, 2004 askari walioasi wakauteka mji kwa siku kadhaa. Na vita vikaleta wageni wapya: watu wa Umoja wa Mataifa na wa mashirika. Wengi walifanya kazi ngumu na tunawashukuru. Wao nao walikuwa na wikendi zao, zile zile za zamani: baraza ya hoteli, mashua, Idjwi, sambaza za kukaanga, muziki mpaka usiku. Na hapo tena mpishi, dereva na mlinzi walikuwa wana wa Kadutu. Kofia za buluu ziliondoka Kivu ya Kusini Juni 2024. Februari 2025 mji ukaingia mikononi mwa M23, na tangu siku hizo wengi wa wageni waliobaki wakaondoka, biashara nyingi zikalala, na ile desturi ya kushuka ziwani Jumapili ikawa ya kuhesabu kwanza mfukoni na njiani.

Na mwambao? Nyumba juu ya nyumba, ukuta juu ya ukuta, mpaka ndani ya maji. Mji wenye rasi tano, na fasi ambazo mtoto anaweza kugusa maji bila kulipa wala kufukuzwa unazihesabu kwa vidole. Mtoto wa Kadutu wa leo analiona ziwa kama babu yake alivyoliona mwaka 1950, kutoka juu. Geti la leo linashikwa na sisi kwa sisi, na baadhi yetu tuliorudi na pesa kidogo tumejenga ukuta vilevile.

Tunachopendekeza

Kutokana na historia hii, komite inarudisha pendekezo lake mbele yenu, na masharti haya.

Kwanza, mfuko wa matembezi utakuwa mbali na mfuko wa dawa na mazishi. Hata franga moja haitatoka kule kuja huku. Anayetaka kuchangia anachangia. Asiyeweza anakuja vilevile, yeye na watoto wake, na hakuna atakayetaja jina lake.

Pili, mwaliko wa kwanza ni kwa waliorudi karibuni, na hasa kwa wale wasiotoka nyumbani. Mwanamemba mmoja atapita kumchukua kila mmoja wao kwa miguu yake. Karatasi ya mwaliko haitoshi.

Tatu, siku hiyo hakuna boyi. Tutakaowalipa kupika na kuendesha watakula mezani nasi, na saa ya kuacha kazi itatajwa asubuhi. Tumejifunza kwa kengele ya Zürich.

Nne, hatutapanda mashua mwaka huu. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova na kujaa kupita kiasi ilizama karibu na Goma, watu wakafa kwa makumi mbele ya macho ya ndugu zao waliokuwa wakiwasubiri bandarini. Tutabaki kando ya maji, penye kina kifupi, na watu wazima wanaojua kuogelea wakiwa zamu. Siku tutakapokuwa na jaketi za kuokolea kwa kila kichwa, ndipo tutazungumza habari ya mashua.

Tano, na hili tunaliomba kwa wanamemba wenye parseli zinazogusa ziwa: siku hiyo moja, mfungue geti. Tumekwisha kuongea na wawili, wamekubali. Watoto wapatao nafasi ya kuogelea watakuwa wetu na wa majirani wa kilima, bila kuulizwa wazazi wao walirudi kutoka wapi au hawakuwahi kwenda popote.

Kwa wafadhili wetu: kwenye ripoti tutaiandika siku hii kwa jina lake, mapumziko. Hatutaificha chini ya neno «semina» wala «uhamasishaji». Babu zenu waligoma ili wapate siku sita, na hawakuona haya.

Maoni yaletwe kwa katibu, kwa mdomo au kwa maandishi, mbele ya mkutano ujao. Tarehe tutaichagua ndani ya kiangazi, kati ya Juni na Agosti, mvua ikiwa imekwisha na barabara ikipitika. Kila mtu aje na sahani yake. Bugali na sambaza, hivyo ni vya mfuko.